SUFURIA ZETU ZIMETOKA MBALI

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, Murangi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu wa kata, vijiji na vitongoji,
Wazee wetu na viongozi wa dini,
Walimu,
Akina baba mliotuunga mkono,
Akina mama wenzetu,
Mabibi na Mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuiona siku ya leo. Tulipoanza tulikuwa akina mama 22. Watatu wametangulia mbele ya haki, wanne wamehama, na wengine wamejiunga, hata leo tuko 34. Tunaomba tusimame kwa dakika moja tuwakumbuke wenzetu waliotangulia.

Asanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari za hisa, mikopo na faida atazisoma Mweka Hazina wetu, na zimechapwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa kazi tofauti. Kamati ya sherehe ilisema Mwenyekiti azungumzie sufuria. Wengine walicheka. Lakini hapa Murangi nani asiyejua kwamba tunaitwa "akina mama wa sufuria"? Mtu akiwa na harusi anatuma mtoto kwetu. Akiwa na msiba anatuma mtoto kwetu. Basi tukaona si vizuri kutimiza miaka kumi tukiishi kwa sufuria, halafu hatujui zilianzia wapi, nani alizitengeneza, na zilifikaje huku kwetu kando ya ziwa. Tuliwaomba walimu watusaidie kusoma, tukawauliza wazee, na mengine tukayakumbuka wenyewe. Tuliyoyapata yametusaidia kulifikiri jambo kubwa lililo mbele yetu, ambalo tutalitaja mwishoni.

KABLA YA SUFURIA

Bibi zetu walipikia chungu. Chungu kilinunuliwa mnadani kwa wafinyanzi, au kilibadilishwa kwa nafaka au samaki. Kila nyumba ilikuwa na chungu cha ugali, chungu cha mboga na mtungi wa maji. Na sato wa chungu, asikwambie mtu, mpaka leo hajapata mwenzake.

Lakini chungu kina mambo yake. Kinachelewa kushika moto, kinakula kuni, na kikianguka ndiyo basi. Mama alijikwaa njiani akitoka ziwani na mtungi kichwani, akarudi nyumbani mikono mitupu na lawama juu yake. Tena chungu cha kupikia watu mia mbili si rahisi kukipata, na ukikipata si rahisi kukibeba. Ndiyo maana zamani kwenye shughuli kubwa mafiga yalipangwa mengi, kila mama na chungu chake na wali wake, mmoja umeiva, mwingine umeungua.

Jina lenyewe la sufuria tumeambiwa ni la zamani kuliko chombo tunachokijua. Limetokana na neno la Kiarabu la shaba. Pwani watu wenye uwezo walipikia vyombo vya shaba, vikaitwa sufuria. Alumini ilipokuja ikarithi jina. Kumbe sufuria yetu nyeupe ina jina la babu yake mwekundu! Alumini ni nyepesi, haishiki kutu kama chuma, inapata moto upesi, na bei yake mtu wa kawaida anaweza kuifikia akijikaza. Kwa sababu hizo ndiyo iliingia katika kila jiko.

KIWANDA CHA MOMBASA

Sasa tuje kwa watengenezaji. Katika Afrika Mashariki, ukiuliza historia ya sufuria za kiwandani, utaletewa jina la Kaluworks ya Mombasa. Kiwanda hicho kilianza mwaka 1929, kikijulikana kwa jina la alumini ya Kenya, na baadaye kikawa mali ya ukoo mmoja, ukoo wa Chandaria.

Ukoo huo haukuanza na kiwanda. Mzee wao, Premchand Popat Chandaria, alitoka Gujarat, India, akaja Kenya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alikuja kutafuta maisha kama mtu yeyote. Akafungua duka dogo la vyakula na mahitaji ya nyumbani mjini Nairobi, katika mtaa ambao leo unaitwa Biashara. Akina mama, hapo tunaomba mpaweke alama. Duka dogo. Unga, mafuta, chumvi. Kutoka hapo wakaweka fedha pamoja na jamaa na wenzao, wakaingia katika viwanda polepole.

Mwanawe mmoja, Manu Chandaria, alizaliwa Nairobi tarehe 1 Machi 1929, yaani yeye na kiwanda cha sufuria ni umri mmoja. Mzee hakumweka dukani moja kwa moja. Alimpeleka shule, akasoma India, kisha Marekani katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, akasomea uhandisi. Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia kazini katika kiwanda kile cha Mombasa. Basi ule ujuzi wa mashine aliosomea mbali, akaja kuutumia kwenye chombo cha kupikia ugali.

Watu wengi hatujui sufuria inatengenezwaje, tunadhani inamiminwa tu kama uji kwenye bakuli. Si hivyo. Alumini huyeyushwa katika tanuru, kwa joto la nyuzi 660 hivi. Hupozwa ikawa donge zito, kisha donge hupitishwa katikati ya magurudumu mazito ya chuma, tena na tena, mpaka linakuwa bamba jembamba. Bamba hukatwa miduara, kama chapati. Kila mduara hubanwa kwa mashine, au huzungushwa kwa kasi huku ukisukumwa ufuate kalibu, mpaka kingo zinapanda na tumbo la sufuria linatokea. Mwisho mdomo hukunjwa nje. Ule mdomo wa nje ambao tunaukamata kwa vitambaa tukiepua, haukuwekwa kwa urembo. Ndio mshikio, tena ndio unaozuia sufuria isijikunje.

Na sufuria iliyokwisha kazi si takataka. Alumini huyeyushwa tena ikawa sufuria mpya. Wale vijana wanaopita na mizani wakinunua vyuma chakavu wanajua jambo hilo kuliko sisi tulio na madumu ya sufuria zilizotoboka nyuma ya nyumba.

NJIA YA KUFIKA KWETU

Mtu atauliza, Mombasa na Murangi wapi na wapi? Jibu ni ziwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinazunguka ziwa, na Musoma ilikuwa mojawapo ya bandari zake. Mzigo ukishuka Kisumu kwenye treni unapanda meli, unafika Musoma. Reli yetu ya kutoka Dar es Salaam na Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, hiyo ikawa njia ya pili. Musoma mjini mzigo uliingia katika maduka, mengi ya Wahindi na Waarabu, ambayo nayo yalikuwa ya ukoo: baba yuko kwenye kaunta, mama yuko nyuma anahesabu, watoto wanapanga vyombo wakitoka shule. Kutoka hapo wachuuzi walibeba kwa baiskeli na kwa mitumbwi mpaka minadani. Wazee wanasema sufuria zilifungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli, kubwa ikimeza ndogo, na zilisikika zikigongana kabla mchuuzi hajaonekana.

Huo ndio mnyororo wa biashara ya sufuria: kiwanda, duka la jumla, duka la rejareja, mchuuzi, mama jikoni. Kila mmoja anakula kidogo. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, mama wa mwisho ndiye anayelala bila chombo.

KIWANDA CHA DAR ES SALAAM

Ukoo ule wa Chandaria haukukaa Kenya tu. Walitawanyika katika nchi nyingi za Afrika na nje ya Afrika, ndugu huyu hapa na ndugu yule kule, lakini mali ikihesabiwa pamoja. Huku kwetu Tanganyika jina lililojulikana ni Aluminium Africa, ambayo sote tunaiita ALAF. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mabati mengi yaliyoezeka nyumba za nchi hii yametoka pale.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Sisi watu wa Mara tunalijua Azimio kuliko wengine, maana aliyelitangaza ni mzee wetu wa Butiama. Katika miaka iliyofuata ALAF ikawa mali ya umma. Miaka ya 1990 ubinafsishaji ukaja, na ALAF ikarudi katika mikono ya kampuni zenye asili ya ukoo ule ule, serikali ikabaki na hisa. Tena kiwanda kile kiko kando ya barabara ambayo zamani iliitwa Pugu, na siku hizi inaitwa Barabara ya Nyerere.

Hatukuja hapa kubishana kama kutaifisha kulikuwa kwema au kubaya. Wazee wenyewe hawajamaliza ubishi huo. Tunachokiona ni kimoja. Watu hawa walinyang'anyika mkono mmoja, wakaendelea na mingine, na walipoitwa tena wakarudi. Hawakuweka matumaini yao yote mahali pamoja.

MIAKA YA SHIDA

Akina mama wa umri wetu, tuliosoma darasa la kwanza mpaka la saba miaka ya 1970 na 1980, mnakumbuka. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ushirika uuze. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Mwaka 1978 vita ya Kagera. Hapo sabuni ikawa ya kuotea, chumvi ya foleni, khanga ya kusikia. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna.

Sufuria mpya nani aipate? Sufuria ikitoboka ilipelekwa kwa fundi akaiziba kwa kiraka cha bati, ikivuja tena inatumika kuchotea mahindi. Binti akiolewa na sufuria moja isiyo na kiraka, kijiji kizima kinajua. Wengine walivuka usiku kwa njia za Tarime kufuata bidhaa Kenya, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, tuliona watu wakizika bidhaa ardhini na wengine wakizitupa vichakani. Tulikuwa wasichana wadogo, lakini tulijifunza kwamba kitu kidogo kama sufuria kinaweza kumfanya mtu mzima akimbie.

Baada ya 1985, Mzee Mwinyi alipoingia na biashara ikafunguliwa, vyombo vikarudi. Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha. Siku hizi vyombo vinatoka Kenya, vinatoka Dar es Salaam, vinatoka Uchina na India, na mafundi wetu wenyewe wanafua na kumimina. Shida ya leo si kukosa sufuria. Shida ya leo ni kuchagua.

SUFURIA ZETU WENYEWE

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuje nyumbani. Kikundi chetu kilianza kwa mtindo wa VICOBA, sanduku moja, kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu wa vitongoji tofauti. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Mwaka wa kwanza tulikopeshana kwa dagaa, kwa mihogo, kwa ada za watoto. Mwaka wa pili ndipo bibi yetu mmoja, sasa ni marehemu, alisema, "Jamani, kila harusi tunakodi vyombo mjini. Fedha yetu inapanda gari kwenda Musoma na hairudi. Kwa nini tusinunue vyetu?"

Tukanunua sufuria kubwa nne, sinia kumi, na mwiko mrefu. Hizo ndizo zilizotuzalia hizi zote mnazoziona zimepangwa pale chini ya mwembe, pamoja na turubai na viti.

Hatukufika hapa bila makosa, na kwa kuwa kijitabu hiki watakisoma wajukuu wetu, tumekubaliana tuyaandike.

Kosa la kwanza lilikuwa rahisi. Mwaka wa tatu tulitamani wingi. Tukanunua sufuria kumi za bei ya chini, za kung'aa kama kioo. Hatukuzipima, tulizitazama tu. Harusi ya pili tu, mbili zikatoboka kitako zikiwa na pilau ya watu, mafuta yakamwagikia moto, na dada yetu mmoja akaungua mkono. Alama anayo mpaka leo, na amekubali tuseme. Tangu siku ile hatununui sufuria bila mizani. Sufuria mbili za mdomo sawa, moja ikiwa nyepesi sana, ujue bamba lake ni jembamba. Tunabonyeza ubavu kwa kidole gumba. Ukibonyea, tunamrudishia mwenye duka na kumwambia asante.

Kosa la pili lilikuwa la daftari. Tuliazimana kwa midomo, kwa sababu sote ni ndugu. Mwisho wa mwaka tulikuwa tumepoteza sufuria tatu na mifuniko saba, na kila mtu anamtazama mwenziwe. Hapo ndipo nusura tuvunjike. Tuliyanusuru kwa msumari: kila chombo kikagongwa namba ubavuni, kila kinachotoka kinaandikwa namba, kila kinachorudi kinahesabiwa mchana, si usiku. Ugomvi ukaisha. Wala hakukuwa na mwizi, tatu zile zilikutwa kwenye nyumba mbili zimesahaulika tangu msiba.

Kosa la tatu ni zito, na hilo ndilo hasa tulilotaka kulisema leo.

Mwaka wa tano, tukiwa tumeshika sana sheria ya daftari, jirani yetu mmoja ambaye si mwanachama alikuwa na deni letu la kukodi. Hakuwa amelipa kwa miezi minne. Akafiwa na mama yake. Mtoto akaja kuomba sufuria. Sisi tukafungua daftari, tukaona deni, tukamwambia mtoto, "Mwambie baba alipe kwanza." Mtoto akarudi mikono mitupu. Msiba ule ulipikiwa kwa visufuria vya kuokota nyumba hadi nyumba, watu wakala kwa zamu mpaka giza likaingia. Na sisi tulikwenda kuzika, tukakaa kwenye mikeka, tukala chakula kile kile. Hakuna aliyetusema. Ingekuwa afadhali wangetusema.

Miezi mitatu kitongoji kile hakikuja kukodi hata kijiko. Tukakaa kikao. Wengine walisema sheria ni sheria. Bibi yetu yule yule aliyeleta wazo la sufuria akauliza swali moja tu: "Tulinunua sufuria hizi ili watu wapike, au ili watu walipe?" Kikao kikanyamaza.

Tulikwenda kwa yule jirani, sote, mchana kweupe. Tulibeba unga, sukari na samaki, na sufuria mbili kubwa za kupikia matanga. Tukaomba radhi. Yeye naye alilia, akasema deni lake analijua na atalilipa. Alilipa. Mke wake leo ni mwanachama wetu, ameketi hapa mbele.

Tangu siku ile tuna sheria iliyoandikwa: harusi inalipa, msiba haulipi. Awe mwanachama au si mwanachama, awe na deni au hana, mwenye msiba anachukua sufuria kwa namba na anazirudisha kwa namba. Tulidhani tutafilisika. Kumbe hapana. Mwaka uliofuata wa harusi walituongezeka, maana watu humkumbuka aliyekuwa nao siku ya machozi.

TULIYOJIFUNZA KWA WATENGENEZAJI

Tulipokuwa tunasomewa habari za ule ukoo wa Mombasa na Nairobi, tuliona mambo yanayotugusa.

Kwanza, walianza na duka dogo na waliweka fedha pamoja. Sisi si ukoo wa damu, sisi ni ukoo wa sanduku. Lakini kanuni ni ile ile: cha wote kihesabiwe mbele ya wote.

Pili, walisomesha watoto kwanza, wakawapa kazi baadaye. Mfuko wetu wa elimu umesaidia watoto wa wanachama kumaliza sekondari, na mmoja wao ndiye anayetuandikia hesabu kwa kompyuta. Sisi wengi wetu ni wa darasa la saba. Hatuoni haya kwa hilo, ila hatutaki liwe la kurithishana.

Tatu, walitenga sehemu ya mali kwa ajili ya kusaidia watu. Mfuko wao wa hisani ulianza miaka ya 1950, wakati bado wanajenga. Hawakungoja washibe. Sheria yetu ya msiba ni ndogo mbele ya mfuko huo, lakini ni ya jamii moja.

Nne, na hili ni la kusikitisha. Kaluworks, kiwanda kile cha mwaka 1929, mwaka 2021 kiliwekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni ya benki. Miaka 92! Kilipita vita kuu ya pili, kilipita ukoloni, kilipita kuvunjika kwa Jumuiya, halafu deni likakifikisha hapo. Hatulisemi hili kwa kucheka. Kiwanda kikiyumba kuna mama mahali fulani ambaye mume wake harudi na mshahara. Tunalisema kwa sababu kama deni linaweza kuyumbisha nyumba kubwa namna ile, yenye wahandisi na wahasibu, sisi wenye sanduku la kufuli tatu tutembee kwa adabu.

JAMBO LILILO MBELE YETU

Ndugu Mgeni Rasmi, wanachama wenzetu wanajua. Katika mkutano mkuu ujao kuna hoja mezani. Wako wanaotaka tuchukue mkopo mkubwa wa benki, tupange chumba Musoma mjini, tufungue duka la vyombo: sufuria, sinia, hotipoti, ndoo, majiko. Wako wanaosema tusikope hata senti, tugawane akiba kila mtu aende nayo kwake. Maneno yamekuwa makali. Wengine wameacha kusalimiana, na hilo linatuumiza kuliko hoja yenyewe.

Kamati imekaa na kulitazama. Tunasema wazi mbele ya wageni tunavyoona sisi, na mkutano ndio utakaoamua.

Kugawana akiba yote ni kuvunja chungu ili kila mtu apate kigae. Kigae hakipiki.

Lakini na mkopo mkubwa tunauogopa, na tunazo sababu. Biashara yetu ina msimu. Baada ya mavuno na mwezi wa Desemba harusi ni nyingi. Kwaresima hakuna, na mvua ikikosekana hakuna. Benki haina Kwaresima. Rejesho ni kila mwezi, shughuli iwepo au isiwepo. Na duka la mjini litataka kodi, mlinzi, na mtu wa kukaa dukani kutwa. Nani kati yetu ataacha shamba na wajukuu?

Kwa hiyo tunapendekeza njia ya katikati. Tufungue duka, ndiyo, lakini hapa hapa Murangi, katika chumba cha mbele cha ghala letu. Tuanze kwa fedha yetu wenyewe, theluthi moja ya akiba, si zaidi. Tuuze sufuria tulizozipima kwa mizani, ili mama wa Murangi asipande gari kufuata chombo kitakachotoboka. Tununue na sufuria chakavu kwa kilo, tuziuze kwa wanaoyeyusha, ili hata kiraka kizae. Tukikopa, tukope kiasi ambacho sufuria zetu zinaweza kulipa katika mwezi mbaya kuliko yote tulioona katika miaka hii kumi. Mwezi huo uko kwenye daftari. Tuufungue, tuusome, ndipo tuzungumze na benki.

Na lolote mtakaloamua, ile sheria ya msiba isiguswe. Hilo tunaliomba kwa wote, hata kwa watakaokuja baada yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi machache kwako na kwa viongozi wetu. Tunaomba msaada wa mafunzo ya kutunza hesabu za duka. Tunaomba barabara yetu isisahauliwe wakati wa mvua. Na wewe mwenyewe, ukiwa na harusi ya mwanao, unajua pa kutuma mtoto.

Tunawashukuru waume zetu waliotulindia nyumba siku za vikao, walimu waliotusomea, wazee waliotusimulia, na wote mliochangia sherehe hii. Chakula mtakachokula leo kimepikwa katika zile sufuria nne za kwanza. Zina namba 1, 2, 3 na 4 ubavuni. Mkipita pale jikoni mziangalie. Zimekuwa nyeusi nje, lakini hakuna hata moja iliyotoboka.

Umoja wa akina mama udumu.

Karibuni chakula.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya wanachama wote